MGENI NJOO, MWENYEJI APONE

Jioni hii twapenda kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo kila nyumba yalijua, lakini ni nyumba chache ziketizo kulitafakari. Jambo lenyewe ni karamu ya sikukuu: jinsi ya kuwapikia na kuwakaribisha ndugu wengi kwa siku moja, pasipo kumchosha mwenye nyumba hata asiionje furaha aliyoiandaa mwenyewe. Tutasema habari za Krismasi, maana ndiyo tuliyozoea nyumbani kwetu. Lakini maneno yetu yawafaa pia wenye kuandaa Iddi, au arusi, au karamu yoyote ya ukoo.

Kwanza tuwahadithie yaliyotupata sisi wenyewe. Miaka sita iliyopita ilikuwa zamu yetu kuwakaribisha ndugu. Nyumba yetu iko chini ya milima ya Usambara, na mwaka ule mvua za vuli zilichelewa kwisha. Tulitazamia wageni 25. Walipokusanyika, babu na bibi, shangazi wawili na watoto wao, mjomba aliyetoka Tanga, mashemeji, mawifi na majirani, tulihesabu watu 43.

Mama watoto aliamka saa tisa ya usiku. Kuni zilikuwa mbichi, nazo zikatoa moshi tu. Mchele haukuwa umechaguliwa mawe, ikabidi binti yetu mkubwa akae kuupepeta kwa mwanga wa taa huku akisinzia. Sufuria kubwa tuliyodhani tutaazima kwa jirani, tuliambiwa asubuhi ile kwamba imekwisha kwenda kwa mwingine. Basi mama watoto akapika kwa sufuria ndogo marra tatu, akiinua hii na kuteleka ile. Chakula cha mchana kilitoka saa kumi.

Nasi wanaume tulikuwa wapi? Tulikuwa chini ya mwembe, tukizungumza habari za mavuno na bei ya machungwa. Na kila kitambo tulimtuma mtoto aende akaulize kama chakula kimeiva. Haya ndiyo yaliyokuwa msaada wetu.

Jua lilipokuwa likitua na wageni wakianza kuaga, mama yetu mzazi aliuliza, “Mkaza mwanangu yuko wapi, nimshukuru?” Tukamtafuta, tukamkuta jikoni. Alikuwa ameketi juu ya mbuzi ya kukunia nazi, mgongo ukutani, amelala usingizi. Mkono wake mmoja ulikuwa umefungwa kitambaa, kwa maana aliungua kwa mvuke alipokuwa akifunua sufuria. Kando yake palikuwa na sahani ya ukoko, ndicho chakula kilichobaki, nacho hakukigusa. Mtoto wetu mdogo, mwenye umri wa miaka minane, alitushika mkono akauliza, “Baba, mama naye sikukuu yake ni lini?”

Hatukuwa na jibu. Mama yetu ndiye aliyesema: “Wahenga walinena, Mgeni njoo, mwenyeji apone. Leo wageni wamekuja, lakini mwenyeji hakupona.”

Wasikilizaji wetu, maneno yale yalituchoma. Juma lililofuata tuliketi, baba, mama na watoto, tukachukua daftari, tukaandika kila kilichotushinda na sababu yake. Tuliona ya kuwa taabu yetu haikutoka katika wingi wa wageni, bali katika mambo matatu: hatukuhesabu, hatukuanza mapema, wala hatukugawana kazi. Tangu mwaka ule tumekuwa tukijirekebisha kidogo kidogo, na haya tutakayowaambia tumeyajaribu kwa mikono yetu.

Jambo la kwanza ni hesabu. Yafaa wiki tatu kabla ya sikukuu kupeleka habari kwa kila nyumba ya ukoo na kuuliza, “Mtakuja wangapi, wakubwa na watoto?” Kuuliza hivi si uchoyo, kwani huwezi kumkirimu vema mtu usiyemtazamia. Mkiisha kupata hesabu, fanyeni watoto wadogo wawili kuwa sawa na mtu mzima mmoja. Kwa karamu, kilo moja ya mchele hutosha watu wazima sita, ikiwa pana nyama na mboga kando. Tuseme mna wageni 40, wakubwa 25 na watoto 15. Watoto hao huhesabiwa kama watu wanane, jumla ni 33. Basi kilo sita zatosha. Ongezeni kilo moja kwa ajili ya mgeni asiyetajwa, kwa maana mgeni huyo hakosi kuja. Mbuzi mmoja wa kadiri hutoa nyama na mifupa yapata kilo 10 hadi 15, naye atawatosha wote, na supu itabaki.

Wanafunzi, hapa ndipo hesabu zenu za shule zinapopata kazi. Kwetu sisi binti yetu ndiye mwenye daftari la karamu. Kila mwaka huandika watu waliokuja, mchele uliopikwa na uliobaki, na mwaka ufuatao hatukisii tena.

Hapa na tuseme neno juu ya kiasi. Watu wengi hudhani ya kuwa karamu bila vyakula saba si karamu, nao hukopa ili wasionekane maskini. Lakini sikukuu ni siku moja, na deni hukaa miezi. Tena mwezi wa Januari watoto huanza mwaka wa shule, wataka sare, madaftari na viatu. Pilau moja nzuri, kachumbari, mboga moja, na matunda ya msimu, yaani maembe na mananasi, ni karamu kamili. Kila chakula mnachokiongeza chaongeza sufuria, kuni, na saa za mama kukaa motoni. Ndugu akiuliza alete nini, usimjibu, “Njoo tu.” Mwambie waziwazi: wewe lete nazi, wewe lete viazi, wewe lete maandazi. Mgeni aletaye kitu huketi kwa furaha, maana karamu ni yake pia.

Jambo la pili ni kuanza mapema. Nyumbani kwetu tuna kanuni fupi, hata watoto waijua kwa moyo: Kikavu mapema, kibichi mwishoni. Vitu vikavu haviharibiki upesi, basi vimalizwe kabla. Vitu vibichi huharibika, basi vingojee.

Wiki mbili kabla, pasueni kuni na kuzipanga chini ya paa penye upepo. Kwetu Desemba mara nyingi huja na mvua, na kuni zilizokatwa jana ni moshi mtupu. Wiki moja kabla, chagueni mchele mawe na kuuweka katika chombo chenye kifuniko. Kaangeni kidogo bizari nyembamba, iliki, mdalasini, karafuu na pilipili manga pasipo mafuta, mzitwange na kuzitia katika chupa kavu. Tena azimeni masufuria, mikeka na sahani, mvilete nyumbani kabisa. Ahadi ya sufuria si sufuria.

Siku iliyotangulia sikukuu, fagieni uwanja, jazeni mapipa maji, chemsheni maji ya kunywa na kuyaacha yapoe katika mitungi safi yenye vifuniko. Menyeni vitunguu na vitunguu saumu. Twangeni tangawizi. Maandazi hupikwa jioni ile, nayo asubuhi huwatuliza watoto wasilie njaa.

Asubuhi yenyewe ndipo panapochinjwa mbuzi, ikiwa hamna mahali pa baridi pa kuhifadhia nyama. Katika kijiji chetu Wakristo na Waislamu hukaa mlango kwa mlango. Basi sisi humwomba jirani yetu Mwislamu aje achinje, ili wote wapate kula chungu kimoja. Iddi ikifika, sisi nasi twaalikwa kwake. Jambo hili dogo lafaa kukumbukwa mapema, kwa kuwa nyama ikiisha kuchinjwa haichinjwi tena. Nazi hukunwa asubuhi iyo hiyo, maana tui huchacha upesi. Kachumbari hukatwa mwisho kabisa, chakula kikiwa tayari kupakuliwa.

Jambo la tatu ni kugawana kazi, na hapa twasema hasa na wanaume wenzetu. Wako watakaosema, “Si desturi mwanamume kuingia jikoni.” Twawajibu: Je, hamjahudhuria arusi pwani? Mara nyingi huko pilau ya watu mamia hupikwa uwanjani na wanaume, nao hujivunia kazi hiyo. Mkono uwezao kukoroga sufuria ya arusi hauwezi kushindwa na sufuria ya nyumbani. Na asiyejua kupika aweza kupasua kuni, kuteka maji, kukata nyama, kuinua masufuria mazito, kuwanawisha wageni mikono, na kuosha vyombo.

Kwetu twaandika majina katika karatasi na kuibandika mlangoni. Wavulana wawili, maji na kuni. Shemeji, nyama na moto. Wifi, kachumbari na mboga. Shangazi, watoto wadogo na hadithi, wasikaribie meko. Baba mwenye nyumba, kupakua na kugawa. Mama mwenye nyumba, kuonja na kuelekeza. Mtazamaji mmoja yapasa awepo, ajue kila kitu kilipo. Lakini mtazamaji si mtumwa. Aketi kitini, aseme, wengine watende.

Sasa tuje kwenye sufuria. Mchele mwingi katika sufuria moja huiva vibaya: chini huungua, katikati hulowa, juu hubaki mbichi. Afadhali sufuria mbili za kilo tatu tatu kuliko moja ya kilo sita. Chemsheni nyama kwanza pamoja na tangawizi, vitunguu saumu na chumvi mpaka ilainike, na supu yake mwiweke. Loweka mchele nusu saa, kisha uchuje maji. Kaangeni vitunguu katika mafuta mpaka viwe vyekundu sana, karibu na hudhurungi, kwa maana rangi ya pilau hutoka hapo. Tieni viungo, kisha nyama, kisha supu. Kwa kila kipimo kimoja cha mchele uliolowekwa, pimeni kipimo kimoja na nusu cha supu. Wazee wetu walipima kwa kibaba, na vibaba vinne vilikuwa pishi moja. Ninyi pimeni kwa kikombe au kopo lolote, mradi chombo kiwe kimoja kwa mchele na kwa supu. Supu ichemke ndipo mtie mchele. Ikaukapo juu, funikeni, punguzeni moto wa chini na kupalia makaa juu ya kifuniko. Mkiisha kupalia, msifunue funue. Kila mfunuo hutoa mvuke, na mvuke ndio uivishao.

Meko yakiwa machache, iko njia ya kupata jiko jingine pasipo moto. Chukueni kikapu kikubwa au sanduku, mshindilie majani makavu ya mgomba chini na pande zote, unene wa shubiri moja, mwache shimo la kuenea sufuria. Shoneni mto uliojazwa majani yayo hayo uwe kifuniko. Wali ukiisha kuchemka dakika tano, iondoeni sufuria motoni na kifuniko chake, ifuteni masizi, itieni kikapuni, mfunike vema. Baada ya saa moja wali utakuwa umeiva, wala hauwezi kuungua. Maharagwe nayo yalowekwe usiku kucha, maji yamwagwe, yachemshwe katika maji mapya nusu saa kwa moto mkali, kisha yakae kikapuni saa tatu, na kabla ya kuliwa yachemke tena. Siri ya kikapu ni hii: joto haliwezi kutoka kwa urahisi, kwa sababu hewa iliyonaswa kati ya majani makavu hailipitishi upesi. Sufuria na iwe karibu kujaa, wala isifunuliwe kabla ya wakati wake. Kwa njia hii mtaokoa kuni, tena mama ataokoka na moshi.

Kabla hatujamaliza, yatupasa kunena juu ya usalama, maana karamu nyingine zimeishia hospitali. Kisu na ubao uliokatiwa nyama mbichi visikatie kachumbari kabla ya kuoshwa kwa maji ya moto na sabuni, kwa kuwa kachumbari haipiti motoni. Kila mpishi anawe mikono kwa sabuni. Tena jihadharini na wali uliopoa. Katika mchele mna vijidudu ambavyo mbegu zake hazifi kwa kuchemshwa. Wali ukikaa vuguvugu muda mrefu, mbegu hizo huamka, hutoa sumu. Na sumu ile haiondoki hata mkiupasha moto marra ya pili. Basi chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa mbili. Kiwe cha moto kweli, au kiwe cha baridi kweli. Kama hamna pa kukipoza, wapeni majirani na wageni wakipeleke mapema, wakile siku ile ile. Kuwapa wengine ni bora kuliko kuweka kiporo kwa siku tatu na kuwaharisha watoto.

Nao watoto wadogo, wekeni mpaka. Sisi huchora mstari wa majivu kuzunguka meko, na kila mtoto hufundishwa kwamba mstari ule haupitwi. Vishikio vya masufuria visielekee njiani. Mtu akiungua, mwagieni maji safi ya baridi palipoungua kwa muda wa dakika 20. Msipake mafuta wala dawa ya meno. Na kama jeraha ni kubwa, mpelekeni hospitali.

Sasa twawaambia jinsi mambo yalivyokuwa mwaka uliofuata. Hatutadai kwamba yote yalikwenda sawasawa. Shemeji alitia chumvi marra mbili katika sufuria moja, na sisi wenyewe tulipopewa kazi ya kupakua, tulianza kwa ukarimu mno, hata watu wa mkeka wa mwisho wakapata nyama kidogo. Mjomba alicheka akasema, “Mwalimu, hesabu umeifundisha miaka mingapi?” Lakini chakula kilitoka saa saba na nusu. Mama watoto alikuwa amevaa nguo yake mpya tangu asubuhi, wala haikuwa na doa la masizi. Aliketi mkekani kati ya wifi yake na mama yetu, akanawishwa mikono na wavulana, akapakuliwa kabla yetu sisi.

Alipomaliza alitaka kuinuka kwenda kuosha vyombo, kwa desturi ya miaka mingi. Mama yetu alimshika nguo akamwambia, “Keti, mwanangu. Vyombo vina wenyewe.” Na kweli, wanaume walikuwa wamekwisha kukunja mikono ya kanzu na mashati, wanavisugua uwanjani. Mtoto wetu mdogo alipita na rundo la sahani, akamtazama mama yake ameketi, akatutazama sisi. Hakuuliza neno.

Wasikilizaji wetu, huenda hamtaweza kufanya haya yote mwaka huu. Basi fanyeni moja. Hesabuni wageni, au kausheni kuni, au mpeni kila mtu kazi yake. Na kama hamwezi hata hilo, jioni ya sikukuu, kabla hamjaanza kula, tazameni mikekani mwone ni nani asiyekuwapo. Kisha mwendeni jikoni mkamlete. Karamu isiyo na mwenyeji haijatimia bado.

Twawatakia sikukuu njema, ninyi na nyumba zenu. Mgeni aje, na mwenyeji apone. Kwaherini.